NANI ATAKWENDA KABAMBARE?



Tangu juma lililopita ulizo ni moja tu, kwenye nyumba za kulala, kwenye chemchemi tunakochota maji, mpaka katika mstari wa chakula: nani atakwenda Kabambare? Wenzetu wa huko wametualika kucheza nao mechi moja. Ndani ya lori wachezaji wamepewa nafasi 14. Wanaokuja kiwanjani jioni ni 23. Basi 9 watabaki hapa Kasongo, wakisikia lori likinguruma na kupotea. Sisi tulio kapita wa mchezo tumepewa na walimu kazi ya kuandika majina, nayo yatabandikwa siku ya Ijumaa. Mbele ya siku ile tunataka kusema wazi namna tunavyofikiri, ili mtu asije kusema kwamba majina yalitungwa usiku.

Maneno tunayoyasikia ni ya namna tatu. Wa kwanza wanasema: "Wakubwa waende, wadogo wangali na miaka mbele yao." Wa pili wanasema: "Namna gani utamuacha yule? Mwaka jana magoli yote ni yeye!" Wa tatu: "Mukamate watoto wa Kabambare, wapate kuona wazazi wao." Tunayaheshimu maneno yote matatu, kwa maana hakuna hata moja linalotoka katika moyo mbaya. Mtoto ambaye hajaona mama yake tangu mwanzo wa mwaka, nani hatamhurumia? Safari ni zaidi ya kilometa 100, na wakati wa mvua njia ile inakula siku. Lakini hilo ni neno la kuomba ruhusa kwa Bwana Prefe, si neno la mpira. Kama juu ya mzigo kuna nafasi, sisi tutakuwa wa kwanza kumwombea apande. Jezi ni habari nyingine.

Neno la wakubwa na neno la magoli ya mwaka jana, hayo ndiyo magumu. Tuyapime kwa mambo yaliyoipata inchi yetu.

Mwaka wa 1974, mwezi wa tatu, Zaire ilikwenda Misri kwa Kombe la Afrika. Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 katika mashindano yale, na mpaka leo hakuna aliyempita katika Kombe moja. Finali na Zambia ilichezwa mara mbili, 2 kwa 2, kisha 2 kwa 0, na magoli yetu yote 4 yalitoka kwake. Miezi mitatu nyuma, ekipe ileile, karibu watu walewale, ilikwenda Ujerumani ya Magharibi kwa Kombe la Dunia. Scotland ikatufunga 2, Yugoslavia 9, Brazili 3. Jumla magoli 14, na sisi hatukufunga hata moja. Wazee wetu wanasema habari ya feza ambayo wachezaji hawakupewa, na hatuna neno la kubishana nao. Lakini mwanafunzi aone jambo hili pia: magoli ya mwezi wa tatu hayakushuka kiwanjani mwezi wa sita. Goli lililokwisha kuandikwa halikimbii tena. Anayekimbia ni mtu, tena kwa miguu ya leo.

Katika ile mechi ya Yugoslavia kuna jambo lingine. Nyuma ya goli la tatu, dakika kama 20 tu zimepita, mwalimu wa ekipe, Blagoje Vidinić, alimwondoa golikipa Kazadi Mwamba akamwingiza Tubilandu Ndimbi. Tubilandu hakuwa mtu wa bure, alikuwa golikipa wa AS Vita Club. Lakini aliingia wakati nyumba inawaka moto, na haukupita muda akaanza kutoa mipira ndani ya wavu. Mechi ikaisha 9 kwa 0.

Sasa tumtazame golikipa mwingine wa akiba. Tarehe 16 Novemba 2025, kule Rabat, Leopards walikuwa wanacheza na Nigeria, na atakayeshindwa safari yake ya Kombe la Dunia imekwisha. Nigeria ilitangulia katika dakika ya 3, Meschack Elia akarudisha, na mpaka dakika ya 120 ilikuwa 1 kwa 1. Hapo, penalti zikiwa karibu kuanza, mwalimu Sébastien Desabre alimtoa Lionel Mpasi akamwingiza Timothy Fayulu, mtu ambaye jioni ile nzima hakuwa amegusa mpira. Tukumbuke kwamba Mpasi hakuwa amekosa kitu, tena penalti si ngeni kwake: Januari 2024 ndiye mwenyewe aliyefunga penalti iliyoitoa Misri katika Kombe la Afrika. Hata hivyo alitoka. Fayulu akazuia penalti, kapteni Chancel Mbemba akafunga ya mwisho, tukashinda 4 kwa 3. Wengi wetu tulikuwa tumebanana penye redio, na makelele ya usiku ule hatuna haja ya kuyaeleza.

Je, tofauti ya Tubilandu na Fayulu ni mikono yao? Sisi tunafikiri hapana. Mmoja aliitwa kuzima moto. Mwingine aliitwa kwa kazi ambayo ilikuwa imewekwa tayari kwa ajili yake. Na yule aliyetoka alikubali kutoka. Hapo ndipo ekipe inapojulikana: kwa namna ya kumtayarisha mtu wa benchi, na kwa namna mkubwa anavyompisha.

Zamani benchi haikuwa na maana kubwa. Mpaka mwaka wa 1966 katika Kombe la Dunia ilikuwa marufuku kubadili mchezaji. Ruhusa ilianza 1970, watu 2 tu. Tangu mwaka wa 2022 sheria ya kawaida inaruhusu mashindano makubwa kubadili watu 5, maana yake karibu nusu ya ekipe. Mechi inaanzwa na watu 11, inaweza kumalizwa na 16. Kwa hiyo anayesema, "Yule anakwenda kukaa tu," hajui mpira wa siku hizi.

Na yule wa magoli ya mwaka jana je? Wazee wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hatutaji jina, ni rafiki yetu na ni mtu wa kalasi yetu. Lakini kaye ya mazoezi iko, kila mtu anaweza kuisoma: tangu mapumziko amekuja kiwanjani mara 4 katika siku 19. Watu wanatuambia kwamba bila yeye tutapigwa. Tunawajibu kwa habari ya TP Mazembe. Mwaka wa 2010 Trésor Mputu, kapteni wao na nyota wao, alifungiwa na FIFA mwaka mzima. Mazembe bila Mputu waliipiga Espérance ya Tunis 5 kwa 0 kule Lubumbashi wakachukua kombe la Afrika. Mwezi wa kumi na mbili wakaenda Abu Dhabi, wakaishinda Pachuca ya Mexico 1 kwa 0, kisha Internacional ya Brazili 2 kwa 0, magoli ya Kabangu na Kaluyituka. Ndiyo ilikuwa ekipe ya kwanza nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufika finali ya klabu za dunia. Inter ya Milano iliwafunga 3 kwa 0, ni kweli, lakini nani alikuwa amewahi kufika pale mbele yao? Hatusemi kwamba Mputu hakuwa kitu. Tunasema nyumba ile haikusimama juu ya nguzo moja.

Tena kuna hesabu moja ambayo wakubwa wenzetu hawapendi kuisikia. Katika wachezaji 11 wanaoanza sasa, 8 ni wa kalasi ya mwisho. Nyuma ya mtihani wa Serikali wote 8 wanaondoka, mmoja atakwenda Kindu, mwingine Bukavu, mwingine atarudi shambani kwa baba yake. Mwezi wa tisa masomo yetu yatakuwa na wachezaji 3 na jezi 8 kavu juu ya kamba. Wale wadogo tunaowaambia wangali na miaka mbele yao, watajifunza lini? Yule Meschack Elia aliyefunga Nigeria, mwaka wa 2016 alikuwa na miaka 18, sawa wengi wetu, na alikuwa bado anacheza hapa katika inchi. Alipelekwa Rwanda katika mashindano ya CHAN, yale ya wachezaji wa nyumbani tu, na katika finali na Mali akafunga magoli 2, tukashinda 3 kwa 0. Kama mtu angemwambia, "Wewe ungali mtoto, ngoja," labda usiku wa Rabat asingekuwako mtu wa kurudisha.

Basi, haya ndiyo tuliyoyapatana na walimu. Kaye ya mazoezi itatangulia mbele ya jina la mtu. Katika nafasi 14, nafasi 6 ni za kalasi za chini. Wachezaji wanaotoka Kabambare watapimwa sawa wengine. Magolikipa watakwenda 2, na yule mdogo atasimama golini kipindi chote cha pili, hata kama tunaongoza kwa goli moja tu. Tunajua wengine watakasirika. Kama tukipigwa, watasema ni sababu ya kapita na hesabu zake. Waseme tu. Tunapendelea kupigwa leo na ekipe ambayo mwaka ujao itakuwako, kuliko kushinda leo na ekipe ambayo mwezi wa saba imekwisha.

Mtu mmoja wa kalasi ya tatu alituuliza mbele ya watu: "Na wewe kapita, kaye yako inasema nini?" Ni ulizo zuri. Sisi pia tunacheza, upande wa kushoto nyuma, na huu ni mwaka wetu wa tatu pale. Kuna mtoto wa kalasi za chini anayetuzidi mbio, na mazoezi hajakosa hata siku moja. Ijumaa mtaona jina lake katika wale 11 wa kuanza. Letu mtaliona chini, namba 13, pamoja na watu wa benchi. Viatu tutavifunga kamba vizuri, na kama tukiitwa tutaingia.

Kwa wale 9 watakaobaki: mazoezi ni Jumatatu jioni, kama kawaida, na kaye itakuwa wazi.



Kapita wa mchezo, kalasi ya mwisho