Tuuze Mashini Gani?

Mwaka huu feza ya masomo ya wadogo wetu ilipunguka, ikatubidi kuuza mashini moja ya kupiga picha. Tulikuwa nazo mbili, zote za filmu: Rolleiflex ya macho mawili, aliyotuachia marehemu baba, na Pentax K1000. Rolleiflex ina bei kubwa zaidi, lakini filmu yake hutoa picha 12 tu, nayo ilikaa kabatini. Filmu ya Pentax hutoa 36. Nayo huenda pamoja nasi kila arusi na ubatizo.

Tuliona haya kuuza mali ya baba. Mama akatuambia: «Baba yenu hakai ndani ya mashini, anakaa katika picha alizopiga.»

Tukauza Rolleiflex. Wadogo wamerudi masomoni. Ndugu wasomaji, ukumbusho mwema hauuzwi pamoja na chombo.