Mwalimu wa Mawimbi ya Kasi

Mwalimu anayesimuliwa hapa alianza kufundisha hisabati kwa chaki na majedwali ya logi, akastaafu akiwa na kompyuta mpakato mezani. Swali lake la kufungulia mada halikubadilika: tafuta integrali ya cos(100x), x ikitoka 0 hadi 1, kwa radiani.

Wanafunzi walikata vipande kumi, wakatumia kanuni ya trapeza, wakapata 0.0075. Jibu ni hasi: -0.0051. Darasa zima lilinuna.

“Tuongeze vipande, Mwalimu.” Hakuwakatalia. Aliwauliza tu nani atakaa kuisubiri mashine pale 100 itakapokuwa milioni mia.

Ndipo alipowasimulia habari za George Airy, mwanaastronomia wa Uingereza aliyetaka kujua mwanga unavyojigawa kandokando ya upinde wa mvua. Jedwali lake la 1838 la integrali ya mwanga huo, lililokokotolewa kwa mkono, liliishia pale kigezo chake kilipofika 4. Hata alipolisogeza hadi 5.6, lilifikia mistari miwili tu ya giza, ilhali mchunguzi W. H. Miller alikwisha kuona 30 kwa macho yake. Kazi ya punda, na bado haikutosha! Mwaka 1850 George Stokes wa Cambridge alileta mfululizo unaofanya kazi vizuri zaidi kadiri kigezo hicho kinavyokua, akaipata mistari 50. Mwalimu alimpenda Stokes kuliko wote na hakuuficha upendeleo huo.

Siri yenyewe aliichora ubaoni. Kila nundu iliyo juu ya mstari humezwa na bonde linaloifuata. Kinachosalia kipo kwenye ncha, pale x inapoanzia na inapoishia. Katika swali lake, jibu lote ni sin(100) kugawanya kwa 100, na linatoka kwenye ncha ya x = 1 peke yake.

Mwanahisabati L. N. G. Filon alilitumia wazo la jirani na hilo mwaka 1928: sehemu tulivu ya fomula aliikadiria kwa parabola, lakini kosaini aliiacha kama ilivyo na kuikokotoa kikamilifu. Mwaka 2005 wanahisabati Arieh Iserles na Syvert Nørsett wakaonyesha kwamba, ukijua pia jinsi sehemu hiyo tulivu inavyobadilika kwenye ncha, kosa hupungua kadiri mitetemo inavyozidi kasi.

Basi wewe unayeandika programu ya namna hii leo, kagua kwanza ncha, na mahali popote ambapo wimbi linatulia, kabla ya kuongeza vipande.