Safari ya Vijana Wetu mpaka Ziwa Mweru



Wengi mmetuuliza, ile safari ya kikundi cha vijana mpaka Nchelenge ilikuwa ya nini? Wengine walisema tumeenda kutembea tu na kula samaki. Samaki tulikula kweli, hatufichi. Lakini tulikwenda kwa sababu tulikuwa na deni.

Mnakumbuka ile siku ya kupanda miti. Ilikuwa mwezi wa Machi. Miche ilikuja imejaa pikap nzima, tukaimba, tukapanda mpaka jioni, tukapigwa picha. Baada ya wiki chache mvua ikakatika. Mbuzi wakapita. Septemba moto ukaingia na kumaliza iliyobaki. Hatumlaumu mtu, kosa ni letu: tulipanga siku moja ya kupanda, hatukupanga nani atachunga kesho yake. Kwa hiyo kabla ya kupanga kazi ya mwaka huu tulisema twende kwanza tukaulize wenyeji, tuone na ziwa lenyewe.

Tuliondoka alfajiri. Vijana wawili walibaki wakilia kwa sababu majina yao yalichelewa kwenye orodha ya barua za ruhusa. Hilo nalo ni kosa letu, safari ijayo majina yapelekwe mapema. Njia ya kwetu ni vumbi na msitu, na pembeni tuliona magunia ya makaa yamepangwa yakingoja mnunuzi. Mmoja wetu akasema, "Hata siye tunachoma." Gari zima likanyamaza. Ni kweli. Mantapala ilipofunguliwa Januari 2018, baada ya vita ya Katanga na Tanganyika kutuleta huku mwaka 2017, palikuwa na miti mpaka mlangoni mwa hema. Leo mama anayetafuta kuni anajua mwenyewe anatembea kiasi gani.

Tulifika Kashikishi soko limechangamka. Pale kila kitu ni samaki: chisense wadogo wameanikwa wanang'aa kama sindano, pale wamekaushwa kwa moshi. Na moshi unataka kuni. Hapo tulianza kuelewa kwamba msitu na ziwa ni habari moja, maana kuni za kukausha samaki zinatoka bara.

Ufukweni mvuvi mmoja mzee alitupokea. Tulimwamkia "Mwapoleni mukwai," akafurahi, akaendelea kwa Kiswahili chake cha Pweto. Alitueleza habari za mpumbu. Huyu ni samaki mkubwa ambaye zamani, mvua ikianza, alikuwa anapanda mto Luapula kwa makundi kwenda kutaga. Watu walimngojea njiani na nyavu, kwa sababu migodi ya Katanga na ya Copperbelt ilitaka chakula na bei ilikuwa nzuri. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 makundi yale yalikuwa yamekwisha. Mzee alisema yeye amesikia habari zake kwa baba yake tu. Ndiyo maana sasa uvuvi unafungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaa.

Ndipo kijana wetu mmoja akauliza swali ambalo wengi tunalo moyoni. Alisema, "Papa, siye ni wakimbizi. Siku moja tutarudia Kongo. Sasa miti tunapanda ya nani?"

Mzee hakumjibu haraka. Alimwuliza kwao ni wapi. Kijana akasema Ankoro. Mzee akaonyesha maji kwa mkono. Akasema Luapula inaingia ziwani upande wa kusini, na Kalungwishi inaingia kutoka mashariki, huku huku Zambia. Maji yote yanatokea kaskazini, pale Pweto, yakiitwa Luvua. "Na Luvua inaishia wapi?" Kijana akacheka kidogo. Luvua inakutana na Lualaba pale pale Ankoro.

"Ile maji njo inaenda ku kwetu?" akauliza mdogo wake. Njo hiyo hiyo. Udongo unaoteremshwa na mvua kutoka kwenye kilima tulichokikata unaelekea huko huko. Tulikaa ufukweni kwa muda tukitazama kisiwa cha Kilwa, ambacho ni cha Zambia ingawa mji wa Kilwa uko ng'ambo, Kongo. Kuna wazazi kati yetu waliolelewa katika kambi ya Kala, kule Kawambwa. Kambi ile ilifungwa mwaka 2010, wakarudi kwao, na vita ikawaleta tena mkoa huu huu wa Luapula. Mama mmoja alisema, "Nilidhani sitaiona tena Luapula. Kumbe nilipaswa kupanda hata mwembe mmoja."

Tulikula bukari na chisense, tukarudi. Kabla ya kufika nyumbani tulisimama kijiji cha jirani, na shikulu mmoja alitupeleka porini. Alitusimamisha mbele ya kisiki cha muputu. Sisi tuliona kisiki, yeye alituonyesha machipukizi mengi yamezunguka shina. Alisema miti mingi ya msitu huu haifi ikikatwa, mizizi bado iko hai chini na ina nguvu kuliko mche wowote wa kwenye plastiki. Kinachoiua ni moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, na shoka linalorudi kila mwaka. Tulikuwa tunapita juu ya miti tukienda kutafuta miche!

Basi kikundi kimekaa na wenyeji, na mpango wa mwaka ni huu:

Mei na Juni: kulima kinga ya moto kuzunguka eneo tulilokubaliana na mwenye kijiji na watu wa idara ya misitu. Hakuna kuwasha moto wowote bila wao.

Julai na Agosti: kazi ya visiki. Kila kisiki tunachagua machipukizi mawili au matatu yenye afya, mengine tunakata. Yaliyokatwa yanakwenda kwa wazee wasio na wa kuwaletea kuni.

Septemba na Oktoba: zamu za kuangalia moto, na kuandaa kitalu. Masuku yakianza kuiva, watoto mnaombwa msitupe mbegu. Zipandwe mapema, zikikaa zikauka hazioti.

Mwisho wa Novemba na Desemba: kupanda, mvua ikishika. Siyo Machi tena. Kila mche una jina la familia itakayouchunga, na tunapanda kiasi cha familia zilizokubali, hata kama ni michache.

Januari: kurudi Kashikishi wakati uvuvi umefungwa, tuokote nyavu mbovu na plastiki ufukweni pamoja na vijana wa kule.

Wazazi, tunajua mnaogopa, na mna haki. Hakuna kazi siku ya mgao wala siku ya shule. Vijana watahesabiwa wakitoka na wakirudi. Kila panga lina mtu mzima wake. Maji ya kunywa na sanduku la dawa vitakuwepo. Ziwani hakuna kuingia, hata miguu tu: kuna kichocho, na mamba wapo. Wasichana waje pia, na tusiwaachie kazi ya kupika peke yao.

Mtatuuliza, kama visiki vinachungwa, kuni tutapata wapi? Swali hilo halijakwisha, na hatutaki kudanganya. Tulichokubaliana na wenyeji ni eneo moja tu la kuacha lipumzike, kwingine watu wataendelea kuokota matawi makavu. Akina mama wanaojua kufinyanga mbabula ya udongo inayokula kuni kidogo wamejitolea kufundisha. Mwenye wazo lingine alilete.

Yule kijana wa Ankoro amejiandikisha zamu ya moto ya Oktoba. Bado anasema atarudi kwao. Sisi pia tunasema hivyo. Lakini nafasi za Oktoba ziko nyingi na majina ni machache, kwa hiyo mpitie mjiandikishe.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.