Madhara Madogo Madogo

Wapenzi wa lugha, leo niruhusuni niutoke kidogo uwanja wa ushairi, nizungumzie mgongo wangu. Tangu nilipohitimu Chuo cha Ualimu Chang'ombe, nilisimama mbele ya ubao zaidi ya miaka thelathini na mgongo haukunidai kitu. Nilipostaafu ndipo ulipoleta madai yake. Maumivu yalianzia kiunoni, yakateremka mguu wa kushoto hadi kisiginoni, na safari ya daladala kutoka Segerea hadi Kariakoo ikawa adhabu.

Kipimo cha MRI kilionyesha gegedu lililochomoza kati ya pingili mbili na kuubana mshipa wa fahamu. Vidonge na mazoezi vilipochelewa kusaidia, daktari, kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, alipendekeza sindano ya steroidi.

"Ina madhara, mwanangu?"

"Madogo madogo tu, mwalimu. Utasaini hapa."

Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili. Niliomba kwenda nayo nyumbani, naye akaridhia. Usiku ule nikaanza kumtafsiria mume wangu, na neno la kwanza kutukwaza likawa *uti wa mgongo*. Safu ya mifupa twaiita hivyo. Ugwe wa fahamu upitao ndani yake twauita vivyo hivyo. Na maradhi ya utando unaoufunika ugwe huo twayaita homa ya uti wa mgongo.

"Mama Neema," akashtuka, "watakuchoma ndani ya uti wenyewe?"

Hapana. Dawa huingizwa katika nafasi iliyo nje ya utando. Hata hivyo, sindano ikiutoboa utando kwa bahati mbaya, mgonjwa huweza kuumwa kichwa vikali kwa siku kadhaa.

Neno la pili lilikuwa lile *madhara*. Nilichukua karatasi, nikaigawa safu tatu. Chini ya *athari*, yaani alama ambazo dawa huacha mwilini kwa muda, niliandika: uso kuwaka joto, kukosa usingizi, sukari na shinikizo la damu kupanda. Chini ya *madhara*: mifupa kudhoofika iwapo sindano zitarudiwarudiwa. Chini ya *hatari*, mambo ambayo huenda yasitokee kamwe lakini yakitokea hayana udogo: maambukizi, damu kuvuja karibu na mishipa ya fahamu, hasa kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na kwa nadra sana kiharusi, kupooza, upofu, hata kifo. Kuhusu hayo ya mwisho, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo Aprili 2014. Huko huko, mwaka 2012, dawa ya sindano iliyoingiwa na kuvu katika duka la kutengenezea dawa jimboni Massachusetts ilisababisha watu zaidi ya 750 kuugua, wengi wakapata homa ya uti wa mgongo, na zaidi ya 60 wakafariki.

Mimi nina kisukari. Sukari ilitajwa mara moja tu, katikati ya ukurasa wa pili, na hakuna aliyenieleza.

Nilirudi na karatasi yangu. Daktari aliisoma kimya, kisha akasema, "Mwalimu, hili la sukari nilipaswa kukwambia." Akanipangia kupima mara mbili kwa siku na kumpigia simu ikizidi kiwango alichoniandikia. Nikasaini.

Sukari yangu, ambayo hukaa kwenye 8, ilifika 16 siku ya pili, ikarejea mahali pake baada ya siku sita. Mguu ulipata nafuu kwa takriban wiki kumi. Sasa maumivu yamerudi, mapole kuliko awali. Sijutii sindano.

Kinachonikera ni jambo jingine. Wiki iliyopita jirani yangu, aliyeishia darasa la saba, alikuja kuniuliza amesaini nini. Alikuwa amekwisha kuchomwa. Naye pia ana kisukari, na tangu juzi yake alikuwa akinywa maji bila kukata kiu. Tulipima: 19. Tukakodi bajaji usiku ule ule.

Amepona, na nakala ya karatasi yangu anayo. Ninyi wajuzi wa istilahi, nawaomba mnisaidie kuikamilisha: je, *ugwe* unatosha kuutenga uti na kilichomo ndani yake? Mkinijibu, nitaipeleka kwa yule daktari kijana, awape wagonjwa wake kabla hawajashika kalamu.