Kipimo cha saa sita mchana

Duka la dawa la dada yangu liko Bigwa, kando ya barabara inayotoka Morogoro mjini kwenda Matombo na Kisaki. Milima ya Uluguru iko jirani yake, na usiku upepo unaoshuka kutoka huko hukufanya utafute shuka. Mchana mambo hubadilika. Duka linatazama magharibi, juu ni bati na dari nyembamba, na kuanzia Novemba joto la ndani hupita nyuzi 30. Nyuzi 30 ndiyo namba iliyoandikwa kwenye maboksi mengi ya dawa: usihifadhi juu ya hapo. Dada alikuwa akihamisha maboksi kutoka rafu hadi rafu akilikimbia jua, kama mama anayehamisha mtoto kitandani nyumba inapovuja.

Mimi naishi Houston, Texas, na riziki yangu ni kutengeneza viyoyozi. Kwetu Waluguru mjomba ana wajibu wake katika nyumba ya dada yake, na wajibu huo haukomi kwa sababu umevuka bahari. Lile duka ndilo linalosomesha wapwa zangu. Nikanunua kiyoyozi cha dirishani, kipya, kikubwa kidogo, nikakiingiza kwenye kontena tulilochangia Watanzania kadhaa. Kabla ya kufunga boksi nilisoma kibandiko: volti 208/230. Nyumbani umeme ni volti 230, kwa hiyo nikaridhika. Mstari wa chini yake uliandika Hz 60. Niliuona, nikaupita.

Kilifungwa mwishoni mwa Oktoba na kikafanya kazi. Desemba dada akapiga simu: mashine inapuliza upepo wa kawaida tu, kompresa inanguruma, inakata, inakaa kimya dakika kumi, inanguruma tena.

Fundi wa kwanza alikuja, akasikiliza kwa dakika chache akasema gesi imeisha. Kwetu hiyo ndiyo hukumu inayotolewa upesi kuliko zote. Friji haigandishi, gesi. Gari halitoi baridi, gesi. Lakini gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake kuna mahali panapovuja. Kuongeza gesi bila kutafuta tundu ni kumwagia maji pipa lililotoboka, na kuongeza gesi mahali ambapo haikupungua ni kuibebesha kompresa mzigo mkubwa zaidi. Nikamwambia dada asikubali. Nilimwomba aguse bomba jembamba na bomba nene wakati mashine inapozunguka, akaniambia moja ni la moto na la pili ni baridi kama chupa ya soda. Gesi ilikuwepo. Hapo nilikuwa sahihi.

Kosa langu lilifuata. Nikamwomba yule fundi apime umeme kwenye soketi. Ilikuwa saa moja jioni, watu wamewasha taa, pasi na televisheni, mashine ya kusaga ya jirani bado inafanya kazi. Mita ikasoma volti 188. Nikasema haya, jibu limepatikana, umeme ni mdogo, nunueni stebilaiza. Dada akaenda mjini akanunua. Nililala na amani.

Hebu nieleze kidogo kwa nini nililala na amani, kwa sababu ni jambo la huku ninakofanyia kazi. Houston kiangazi si cha mchezo, na simu hazikatiki. Fundi anapewa mteja, kisha mteja mwingine, kisha mwingine, na kila mmoja amekatiwa takriban saa moja. Ndani ya saa hiyo unafungua kisanduku cha nje, unapima kapasita, kwa sababu hiyo ndiyo inayokufa mara nyingi kuliko kifaa kingine chochote. Unatazama swichi ya kontakta kama sisimizi wamejazana katikati ya vyuma vyake. Texas sisimizi hupenda sana kufia humo. Unazima umeme, unapima nyaya tatu za kompresa, ile ya pamoja, ya kuwashia na ya kuzungukia. Kipimo kati ya ya kuwashia na ya kuzungukia lazima kilingane na jumla ya vile viwili vingine. Unapima kama kuna njia ya umeme kwenda kwenye bodi, yaani gamba lake la chuma. Kila kitu kina utaratibu wake, na utaratibu huo ni mzuri, naupenda.

Lakini saa moja ikiisha, ukiwa bado huna uhakika, kuna jibu moja ambalo halimgombanishi fundi na mtu yeyote ofisini: kompresa imekufa. Kama ina waranti, inabadilishwa. Kama haina, mteja anaelezwa kwamba kwa umri huu ni afadhali mtambo mzima mpya, na katika kampuni nyingi aliyeuza anapata kamisheni yake. Watengenezaji wa kompresa wamelalamika kwa miaka mingi kwamba nyingi wanazorudishiwa kwa waranti, wakizipima, wanazikuta nzima. Nimewahi kutoa kompresa nzima mimi mwenyewe. Iliyofungwa badala yake ikaungua baada ya kiangazi kimoja, kwa sababu kilichoisumbua ya kwanza kilikuwa bado palepale, koili iliyozibwa na manyoya ya mbwa. Bibi aliyekuwa akiishi pale alilipa mara mbili. Sijamsahau.

Kwa hiyo nilipoambiwa volti 188, nilijibu kama mtu mwenye saa moja.

Stebilaiza ikafungwa, ikafikisha volti 230 wakati wote, na mashine ikazidi kuugua. Sasa ilikata hata jioni. Uniti za LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, zikaanza kuisha mapema, na dada, ambaye huandika kila tokeni kwenye daftari la duka, akawa na uhakika wa jambo hilo kuliko mimi nilivyokuwa na uhakika wa jambo langu. "Mdogo wangu," akaniambia, "kabla ya hili dude la stebilaiza jioni ilikuwa haina shida kabisa." Hiyo ndiyo sentensi niliyopaswa kuisikia siku ya kwanza. Sikuwa nimeuliza ni saa ngapi inasumbua.

Fundi wa pili ni kijana wa hapohapo Bigwa, aliyesomea majokofu chuo cha ufundi cha VETA. Hakuja na vifaa vingi: bisibisi, mita ya kubana waya, kipimajoto. Alikuja saa nne asubuhi akapima, akaondoka. Akarudi saa sita mchana. Akarudi saa moja jioni. Kesho yake tena, na keshokutwa, mara akiwa na stebilaiza, mara ameichomoa. Alikuwa akiandika nyuma ya boksi la dawa: saa, volti, ampea, joto la kichwa cha kompresa. Dada alinipigia picha lile boksi, na mpaka leo ninayo kwenye simu.

Jioni bila stebilaiza: volti 190, ampea 7. Mchana bila stebilaiza: volti 236, ampea 11, na baada ya muda ovalodi, swichi inayoikinga kompresa, inakata. Jioni na stebilaiza: volti 230, ampea karibu 11. Kibandiko kinasema isipite 8.

Mota yenye afya, iliyobeba mzigo uleule, ukiipandishia volti kidogo ampea zake hushuka au hukaa pale pale. Hii ilikuwa inapanda, tena kwa kishindo. Kijana akanipigia. "Shikamoo kaka. Hii mashine ukiipa umeme mwingi inakula zaidi na haifanyi kazi zaidi. Halafu nimeona hapa imeandikwa 60. Yetu siyo 50?"

Nilikuwa nimeegesha gari chini ya daraja la barabara kuu. Nilikaa kimya mpaka akadhani simu imekatika.

Umeme wa gridi huenda na kurudi. Marekani mara 60 kwa sekunde, Tanzania mara 50; hiyo ndiyo Hz. Mota iliyosukwa kwa ajili ya 60 ukiipeleka kwenye 50, kwanza inapunguza mwendo, kutoka mizunguko kama 3,500 kwa dakika hadi kama 2,900. Feni nayo inapunguza, kwa hiyo joto linatolewa polepole zaidi. Lakini ugonjwa hasa uko kwenye chuma. Kila msukumo wa umeme sasa unadumu muda mrefu zaidi, na chuma kilichomo ndani ya mota kinajazwa sumaku kuliko kinavyoweza kubeba. Kikishajaa, umeme unaoongezeka haufanyi kazi yoyote, unageuka joto ndani ya waya za shaba. Dawa yake ni kushusha volti kwa uwiano uleule. Gawa 230 kwa 60, kisha gawa 190 kwa 50. Utapata takriban 3.8 pande zote mbili. Zile volti 190 za jioni, nilizoziona kuwa ndiyo ugonjwa, ndizo zilizokuwa zikiipumzisha ile mashine. Na stebilaiza niliyoiagiza mimi ndiyo iliyoondoa mapumziko hayo.

Stebilaiza hurekebisha volti peke yake. Ule mwendo wa mara 50 unatoka kwenye mitambo inayozungushwa na maji kule Kidatu, Mtera na Bwawa la Julius Nyerere, ambalo ukiifuata ile barabara inayopita mbele ya duka la dada unakwenda upande wake. Mitambo yote ya gridi inazunguka kwa hatua moja. Hakuna kisanduku cha dukani kitakachoibadilisha hatua hiyo.

Ndugu zangu mnaopakia makontena, Houston, Dallas, Minneapolis, popote: hili linahusu pia friji na friza zenu za volti 120. Transfoma itawashushia volti kutoka 230, haitagusa ule mstari wa Hz. Tafuteni kibandiko kinachosema 50/60. Vyenye inveta vina nafasi nzuri zaidi, maana hubadilisha umeme kwanza kabla ya kuupeleka kwenye kompresa, lakini hata hivyo someni kilichoandikwa. Na kama nafasi ya kontena ni ghali, nunueni huko nyumbani. Kitakuwa kimetengenezwa kwa ajili ya umeme wa huko.

Kuna mambo ambayo huku yanafanywa vizuri na ninatamani yafike Bigwa. Sheria ya Marekani inamzuia fundi kuiachia gesi hewani, na huruhusiwi kununua gesi ya viyoyozi vya nyumba bila cheti. Gesi ya R-22 mpya haitengenezwi wala kuingizwa Marekani tangu tarehe 1 Januari 2020. Nyumbani mitungi yake bado iko madukani, na nimeona fundi akifungua bomba gesi yote ikatoka kwa mluzi, watoto wamesimama pembeni wakitazama.

Lakini jambo ninalolitamani zaidi ni dogo na halihitaji sheria. Huku mteja hulipa kwanza ada ya kupimiwa. Ukitengeneza usitengeneze, ile ada ni halali yako. Nyumbani fundi hulipwa kwa alichoweka: gesi, kapasita, kompresa. Akikaa siku tatu akapima, kisha akasema usiongeze kitu chochote, anarudi kwake mikono mitupu, na yule aliyejaza gesi isiyohitajika anakula. Halafu tunawalaumu mafundi kwamba kila ugonjwa ni gesi. Hospitali tunalipia kumwona daktari, tunalipia vipimo, na dawa ni bei nyingine. Hata anayepiga ramli huwekewa pesa yake kabla hajataja dawa. Ni fundi peke yake tunayetaka aone ndani ya chuma bure.

Nilimuuliza yule kijana bei yake ya kupima.

"Kupima? Kaka, si nimepima tu. Sijaweka kitu."

Nikamwambia ameweka siku tatu. Tulivutana kwa adabu, yeye akinisihi nisijisumbue, mimi nikimwomba ataje, mpaka dada akachukua simu akasema yeye ndiye mwenye duka na yeye ndiye atakayepanga. Akampa kitabu cha risiti. Kijana akaandika kwa mwandiko wa shule: kupima kiyoyozi, siku tatu.

Tulijadili kuiokoa ile mashine kwa transfoma ya kushusha volti mpaka 190. Ingewezekana, ingawa feni ingebaki dhaifu. Lakini kijana alipopima waya kwenda kwenye bodi, mita ilianza kuonyesha njia mahali pasipopaswa kuwa na njia. Vanishi inayokinga waya ilikuwa imeshaungua. Tuliiacha. Duka sasa lina kiyoyozi cha ukutani cha Hz 50 kilichonunuliwa Morogoro mjini, amekifunga yeye, na saa nane mchana kipimajoto cha rafuni kinasoma 25.

Kompresa ya zamani aliniomba, akaikata kwa msumeno ili awaonyeshe vijana wawili anaowafundisha. Alinitumia picha: shaba upande mmoja bado inang'aa, upande wa pili nyeusi kama chungu cha maharage. Akauliza kama huku kuna kile kipimo kinachosukuma volti 500 kwenye waya ili uone kama vanishi imeanza kuchoka kabla haijaungua kabisa. Kipo. Nimekinunua jana, kinaondoka na kontena la mwezi ujao. Kinatumia betri.