Hata Kipchoge Hakazi Kila Siku

Wadau, watu huniuliza mbona sijibu barua pepe usiku. Wateja wangu wako California. Kwao ikigonga saa tatu asubuhi, hapa Eldoret ni saa moja jioni, au saa mbili usiku majira yao ya baridi yakifika. Wao wanaanza, mimi namaliza. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa wa Kenya angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, lakini sisi wa vibarua vya intaneti mipaka tunajiwekea wenyewe.

Mpaka wangu ni saa moja jioni. Nazima kompyuta, kisha natembea dakika 20 bila simu, nikifuata pumzi zangu tu. Mteja mmoja aliondoka kwa sababu hiyo, na kodi ya nyumba mwezi ule ilinitoa jasho. Mpaka haujasogea.

Tazameni wakimbiaji wetu. Eliud Kipchoge, aliyejinoa Kaptagat hapo jirani, alimaliza kilomita 42.2 jijini Vienna mwaka 2019 kwa saa 1:59:40. Lakini siku nyingi za mazoezi alikimbia polepole makusudi. Kama bingwa hakazi kila siku, nani katuambia sisi tukaze kila usiku? Programu iliyoandikwa na mtu aliyechoka huandikwa mara mbili.