Amri ya Simu

Alhamisi, 29 Mei 2025

Magari ya mchanga yamerudi.

Tumeteremka pwani hapa Uroa asubuhi na wenzangu wa mwani, maji yakianza kutoka, tukakuta ukingo wa ufukwe umekatwa upande wa kaskazini ya diko, chini ya mivinje. Shimo refu kuliko ngalawa mbili, kina chake kinanifika mapajani. Alama za matairi ni za gari kubwa, mawili mawili nyuma. Gari ya ng'ombe haiachi alama ile. Mvinje mmoja mizizi yake imekatwa kwa panga ili chepe lipite.

Usiku wameuchagua kwa makusudi. Mwezi umeandama jana. Bamvua la mwezi mchanga maji yanakupwa sana kuanzia saa nne za usiku, pwani yote inabaki kavu, giza huoni mkono wako, na upepo wa kusi unameza sauti ya injini.

Mwaka 2023 tulipowasimamisha, mwenye gari aliahidi mbele ya wazee kwamba hatarudi. Sijui kama ni yeye. Watu wanasema safari hii kuna mkubwa nyuma yao, na jina wanalitaja kwa kunong'ona. Sitaliandika humu mpaka nilione kwenye karatasi yenye sahihi yake.

Jumamosi, 31 Mei

Nimechota kiganja cha mchanga pale shimoni, nikausuuza kwa maji matamu na kuutandaza kwenye sahani nyeusi. Mjukuu wangu kaleta kioo chake cha kukuzia. Tumekaa barazani mpaka adhuhuri, tukizitenga punje kwa ncha ya sindano.

Vipande vya matumbawe, baadhi vina matundu bado. Vigamba vya kombe na chaza, vyengine rangi ya waridi. Vibapa vyeupe vyepesi, hivi ni vya ule mwani wa chokaa unaoota ndani ya mwamba, ukifa majani yake yanakauka na kuvunjika. Mwiba wa urumba wa zambarau. Visahani vidogo mno vya duara, nyumba za vijidudu vya bahari ambavyo mtu anaishi miaka sabini bila kujua kuwa vipo. Punje ya bara hatukuiona hata moja. Upande huu wa mashariki hatuna mto wa kutuletea mchanga. Umetengenezwa hapa hapa, mwambani, na viumbe hai.

Na pono yumo kazini. Anatafuna jiwe la tumbawe kwa lile domo lake, anakula kilichoota juu, jiwe analitoa likiwa mchanga. Wavuvi wa mishipi wanalijua lile wingu jeupe linalomtoka nyuma. Mjukuu kauliza gari moja la mchanga ni kazi ya pono wangapi kwa miaka mingapi. Nimemwambia hilo akalisomee Buyu, kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari, aje atujibu sote.

Kisha mchanga wenyewe haukai mahala pamoja. Kusi linausukuma kuelekea Pongwe, kaskazi inaurudisha kuelekea Marumbi na Chwaka. Tunaolima mwani tunaliona hilo kwenye vigingi vyetu: miezi fulani vinafukiwa, miezi mingine vinabaki uchi. Aliyeuchota Mei ameuchukua ule uliokuwa upite kwetu uende kwa jirani, na urudi Disemba. Kwa hiyo Pongwe na Marumbi hili linawahusu sawasawa na sisi. Lazima niwatumie salamu wazee wao.

Jumanne, 3 Juni

Kaja kijana mmoja wa hapa hapa, niliyemsomesha darasa la tano. Kaja mwenyewe, baada ya isha, kakaa ukingoni mwa baraza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mkeo hajambo? Mtoto?"

Kaniambia kuwa alikuwamo usiku ule. Elfu ishirini kwa usiku mmoja, analipwa pale pale gari likijaa. Anayelipa ni dereva. Mwenye gari hawajawahi kumuona. Walipouliza kama hawatakamatwa, dereva kawaambia: kazi hii ina mwenyewe, chimbeni.

Sikumgombeza. Nimemuuliza bahari imempa nini wiki hii, kasema pweza wawili. Najua mkewe analima mwani kama sisi. Ule mwani mnene wenye bei, siku hizi maji yakipata moto unaoza kwenye kamba; tumebakia na mwembamba, ambao gunia zima halinunui hata mahitaji ya wiki. Mtu wa hali hiyo akitiwa chepe mkononi usiku, mimi sina ulimi wa kumwita mwizi. Ila nimemwambia wazi: shimo lile liko mbele ya makaburi. Babu yake kalala pale, nyuma ya mivinje. Bamvua la kaskazi likiingia kwenye pengo lile, tutaokota mifupa ya wazee wetu ufukweni. Kainama muda mrefu. Kaondoka bila kuahidi kitu, nami sikumtaka ahadi. Anayenikera ni yule ambaye hakuinama, aliyelala mjini kitandani kwake huku watoto wetu wakimchimbia.

Jumapili, 8 Juni

Idi pili. Wageni tele, na mmoja wao kaja na ujumbe.

Mtu mzima, kanzu safi, tunaheshimiana tangu zamani. Kanywa kahawa, kaulizia hali za wote, kisha kateremsha sauti. Mkubwa amesikia kwamba kuna watu Uroa wanazuia kazi. Mkubwa anasema mchanga ule ni wa maendeleo ya wananchi wenyewe. Mwalimu umeshastaafu, pumzika, usije ukaonekana unapinga serikali.

Nimemuuliza: kibali kiko wapi? Kasema mambo haya ni ya juu. Nimemwambia sheria nayo iko juu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, Namba 3 ya mwaka 2015, ilipitishwa na Baraza la Wawakilishi, ikawekwa Mamlaka ya kuisimamia. Huyo ndiye mkubwa ninayemjua mimi. Mwengine yeyote akitaka kuchimba ufukwe wetu, aandike barua, ataje jina na cheo, atie sahihi. Serikali ina karatasi na ina muhuri. Kinachopita kwa simu na kwa kunong'ona usiitie serikali ndani yake, unaivunjia heshima.

Hakukasirika. Nadhani naye hakuipenda kazi aliyotumwa.

Nimempitisha pia kwenye chumba cha uani alichojenga marehemu kaka yangu kwa mchanga wa pwani, aone hayo maendeleo. Chini ya ukuta chumvi imetoka nyeupe, plasta ukiigusa inapukutika. Linta ya mlango imepasuka kwa urefu wake wote, na ndani ya ufa nondo zimevimba kwa kutu na kuanza kuachana na zege. Nyumba haina miaka ishirini. Fundi yeyote muaminifu anajua kuwa mchanga wa bahari bila kuoshwa sawasawa unakula chuma. Sasa huu unaochotwa usiku na kupakiwa ukiwa bado rojo, unaoshwa wapi? Unakwenda kwenye nyumba ya nani, na huyo anayenunua kaambiwa?

Jumatano, 18 Juni

Mvua kidogo, pwani hakuendeki. Nimekaa na makaratasi.

Hoja ya upande wa pili naijua na sitaki kuidharau. Sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu Wazanzibari milioni 1.3; ile ya 2022 ikatukuta karibu milioni 1.9. Watu hao wanataka nyumba, watoto wao wanataka skuli, na wageni wanaoshuka kwenye ndege wanajengewa hoteli. Mchanga wa kujengea wa Unguja ulikuwa ukitoka mashamba ya kaskazini, Donge Chechele, Pangatupu na kwengineko. Nilipita Donge wakati ule magari yanapishana. Watu wa huko waliuza mchanga wa shambani kwao mpaka likabakia jiwe, minazi imesimama kwenye vichuguu vya udongo vilivyozungukwa na mashimo, mihogo haina pa kushika mizizi. Ardhi ya namna ile hairudi kwa mvua mbili tatu. Serikali iliwaondoa wachimbaji binafsi na kuishika kazi yenyewe, na mimi niliona imefanya vyema. Lakini mlango wa mashamba ulipobanwa, wenye magari wakageuza macho pwani.

Kwa hiyo swali la nyumba zijengwe kwa nini ni la haki, na lina majibu: vumbi la mawe kutoka kwenye mashine za kokoto, mchanga wa kuvusha kutoka bara, nyumba za kupanda juu badala ya kutambaa. Yote yana gharama. Anayekwepa gharama hiyo kwa kuchota ufukwe wa Uroa usiku anatubebesha sisi.

Dar es Salaam kuna kituo cha daladala kinaitwa Africana. Vijana wanashuka pale kila siku, na wachache wanajua kwamba jina ni la hoteli ya ufukweni iliyoliwa na bahari. Watafiti waliochunguza ufukwe wa Kunduchi na Mbezi walitaja, pamoja na sababu nyengine, uchimbaji wa mchanga kwenye vijito vinavyouteremsha baharini. Kule walichimba mtoni, na bahari ikaja kudai pwani. Sisi tunachimba pwani yenyewe.

Na Kenya, Makueni, watu wameuana kwa mchanga. Askari polisi aliyekuwa akipambana na wachimbaji haramu aliuawa mwaka 2011. Mwaka 2015 kaunti ikatunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga. Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa dunia inatumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka, na ule wa jangwani haufai kwa zege kwa sababu upepo umeuviringisha mno. Njaa hii haitapungua. Ndiyo maana sikubali kuambiwa ni gari moja tu.

Alhamisi, 26 Juni

Naandika alfajiri, sijalala.

Mwezi umeingia gizani, tukajua watakuja. Bwana diko, yaani msimamizi wa diko letu, watu wa madema na sisi wanawake wa mwani tulikubaliana: hapana fimbo, hapana jiwe, hapana matusi. Ngalawa mbili kongwe zilivutwa na kulazwa upande upande kwenye njia inayoingia pwani. Tukatandika majamvi, tukapika chai.

Gari limefika saa tano kasoro, taa zimezimwa. Dereva kijana mno. Kashuka, kaona watu, kasema salaam alaykum kwa sauti ya kutetemeka. Tukamuitikia na kumpa chai. Bwana diko kamuomba kibali. Kapiga simu, kazungumza pembeni, kisha kanijia mimi: "Bi mkubwa, anataka kusema nawe."

Nimeipokea. Sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Kaniuliza nyinyi ni nani. Nimemtajia jina langu kamili, la baba na la babu, na kwamba mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji. Kisha nikamuomba lake, nipate kuliandika kwenye daftari, kwamba yeye fulani, mwenye cheo fulani, ameruhusu mchanga uchimbwe pwani ya Uroa usiku huu. Kakaa kimya. Nikamuomba tena, kwa adabu ile ile. Simu ikakatwa.

Dereva kaipiga mara ya pili, haikupokelewa. Kageuza gari. Kabla hajaondoka tumeandika nambari ya gari na saa, yeye mwenyewe akitumulikia kwa simu yake.

Kijana wangu wa darasa la tano alikuwa upande wetu wa ngalawa. Hakuna aliyemuuliza chochote.

Jumatatu, 30 Juni

Kijiji kimejaa magari ya watia nia. Kila anayechukua fomu anataka kupita barazani kwa Mwalimu. Nawakaribisha wote na nawauliza swali moja: siku dereva wa mchanga atakapokupigia simu kutoka Uroa, utamjibu nini? Wengi wanajibu kuhusu barabara. Mmoja kaniuliza gari lilikuwa la nani, kwa namna iliyonifanya nifunge daftari.

Huu ndio wakati ninaouogopa kuliko bamvua. Msimu wa uchaguzi madeni yanalipwa kwa vitu visivyo vya mlipaji. Aliyechangia mafuta ya msafara atataka kibali cha mdomo, na kibali cha mdomo hakimgharimu mtoaji hata senti. Ufukwe si wa chama chochote. Nimewaomba wenzangu tusimtaje mtu wala chama mkutanoni, wasije wakapata pa kutupachikia. Tushike jambo moja, karatasi.

Alhamisi, 10 Julai

Barua zimepelekwa mjini jana: moja Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, moja idara ya serikali inayohusika na maliasili. Tumeambatanisha picha za shimo, vipimo, nambari ya gari, na maelezo ya usiku wa 25 Juni. Nakala zetu zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Kuhusu jina la kwenye simu tumeandika kilichotokea: liliombwa, halikutolewa.

Mkutano wa kijiji umefanyika leo baada ya alasiri. Haukuwa mwepesi. Mzee mmoja kasema tunaitafutia Uroa chuki za wakubwa, na skuli yetu inasubiri madarasa. Hofu yake ni ya kweli na nimeiandika kwenye kumbukumbu neno kwa neno. Vijana wamedai kazi mbadala, na hapo kamati haina cha kuwapa zaidi ya kuwapendekeza ulinzi wa diko, utakaolipwa kwa mchango wa wenye boti na hoteli zitakazokubali. Mbili zimekubali, moja imesema itafikiri. Mwisho limepita hili: gari lolote la mchanga, la mtu binafsi au la mradi, lionyeshe kibali cha maandishi chenye jina, cheo na sahihi, liandikwe kwenye daftari la bwana diko, na lichimbe mchana.

Shimo tumeanza kulijaza kwa makuti na matawi ya mivinje ili lishike mchanga unaopita. Pongwe wamejibu salamu, wanakuja Jumapili. Giza la mwezi litarudi tarehe 24. Zamu ya kwanza ni ya watu wa madema, ya pili ni yetu, na Marumbi wameahidi kutuletea watu wanne.